Jina la Aina Haliruki Faili
Hotuba kwa wanafunzi wa uprogramu, Kisumu

Walimu wetu, wanafunzi mliotoka Maseno, Kakamega, Bondo na hapa hapa Kisumu mjini, na nyote mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kuketi ukumbini: hamjambo. Itifaki imezingatiwa, kwa hivyo naomba niingie moja kwa moja katika jambo lililonileta.

Nimeombwa nizungumze kuhusu lugha ya C. Lugha hii ni pana, na mkinipa siku nzima sitaimaliza. Nimechagua kona moja tu: ukitangaza aina ya data katika faili moja, inaonekana wapi na inaishia wapi? Nimeichagua kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoanza kuandika programu ya kweli, yenye mafaili zaidi ya moja, na hapa ndipo wanapojifunza tabia ambayo itawaumiza baadaye wakiwa kazini.

Mambo huenda hivi. Mwanafunzi ana main.c, na ndani yake kuna struct moja nzuri, yaani aina ya data inayokusanya sehemu kadhaa chini ya jina moja. Kila kitu kinafanya kazi. Programu inakua, mwalimu anasema igawanywe, naye anahamisha funksheni chache kwenye faili la pili. Papo hapo kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inakataa: hiyo aina haijulikani, au ukubwa wa kigeu haujulikani. Mwanafunzi anajaribu kuweka extern, neno la kutaja kitu kilicho katika faili jingine, mbele ya struct. Haisaidii. Anakumbuka kwamba static huficha vitu, anatafuta kama kuna static mahali aiondoe. Haisaidii. Mwisho anafanya jambo la tatu: ananakili ile struct kutoka main.c na kuibandika juu ya faili la pili. Kompaila inanyamaza, programu inaendeshwa, naye anaenda kulala.

Hilo la tatu ndilo linalonihangaisha. Yale mawili ya kwanza yanamchelewesha tu. La tatu linakubaliwa.

Tuelewe kwanza kwa nini extern na static hazikufua dafu. Kompaila ya C husoma faili moja la .c kwa wakati mmoja, pamoja na heda zote, yale mafaili ya .h yenye matamko, zilizoingizwa ndani yake kwa #include. Mchanganyiko huo ndio kitengo kimoja cha kukompaili. Ikimaliza kitengo hicho, inatoa faili la .o, lenye msimbo wa mashine, na kusahau kila kitu. Ikianza kitengo kinachofuata, inaanza na ukurasa mtupu. Ndivyo C ilivyozaliwa miaka ya mwanzo ya 1970, pale Bell Labs, Dennis Ritchie akifanya kazi kwenye PDP-11, mashine yenye kumbukumbu ndogo kuliko ile iliyo kwenye simu ya kadogo mfukoni mwako. Struct zilipoongezwa kwenye lugha, kiini cha Unix kikaandikwa upya kwa C mwaka wa 1973. Kugawa kazi vipande vipande lilikuwa jambo la lazima, na sisi bado tunaishi na uamuzi huo.

Baada ya kompaila huja linka. Kazi yake ni kuunganisha majina: faili hili linaita funksheni pima, lile lina funksheni pima, basi zikutane. Inajua majina ya funksheni na ya vigeu vya nje. Majina ya aina haiyajui kabisa. Kiwango cha lugha chenyewe, ile hati rasmi ya kanuni za C, kinasema hivyo: funksheni na vigeu vinaweza kuwa na muungano wa nje (vinaonekana na mafaili mengine) au wa ndani (faili lile tu), lakini lebo za struct, union na enum, majina ya typedef (majina mbadala ya aina), na hata thamani za enum, hazina muungano wowote. Ndiyo maana extern na static hazina la kufanya na aina. Ukiandika static mbele ya struct kisha usitangaze kigeu chochote baada ya mabano kufungwa, kompaila nyingi zitakuonya kwamba neno hilo halina kazi pale. Ukitangaza kigeu, static inashika kigeu, haishiki aina. Jina la aina tayari limefungiwa ndani ya kitengo chake. Huhitaji kulificha, na huwezi kulitangazia mafaili mengine.

Sasa turudi kwa yule aliyenakili. Wengi wenu mmenunua mahindi Kibuye. Mnajua gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Muuzaji huyu ana gorogoro, na yule wa pembeni ana gorogoro. Jina ni moja. Lakini mkebe mmoja una kitako kilichobonyezwa ndani, na mwingine hauna. Anayepanga magunia kwenye gari anaandika tu "gorogoro kumi", kwa kuwa kazi yake ni jina na hesabu, si kuangalia vitako. Linka ni huyo wa kwenye gari. Mafaili mawili yakitaja struct mzigo, hakuna mtu katikati anayelinganisha mikebe.

Tuone kwa macho. Tuseme tunawaandikia wavuvi wa Dunga programu ya kurekodi samaki wanaopimwa ufuoni. Faili la kwanza, kupima.c, lina hii:

struct mzigo {
    int namba;
    char aina[20];
    double kilo;
};

Kwenye kompyuta za kawaida za biti 64, int huchukua baiti 4, kwa hivyo namba iko kwenye baiti 0 hadi 3. Jina la samaki, liwe omena, ngege au mbuta, linakaa kuanzia baiti ya 4 hadi ya 23. Kisha kilo, ambayo ni double (namba ya desimali ya baiti 8), inataka kuanza kwenye baiti inayogawanyika kwa 8, na 24 inagawanyika, basi inaanzia hapo. Jumla ni baiti 32.

Faili la pili, hesabu.c, lina nakala ya struct hiyo hiyo. Miezi ikapita, mtu akaona nafasi ya jina ni finyu, anataka kuandika "mbuta wa kukaushwa, daraja la pili", akaongeza aina iwe 40. Akabadilisha hesabu.c peke yake, kwa sababu ndilo faili alilokuwa amefungua. Sasa katika nakala yake jina linafika baiti ya 43. Kompaila inaruka baiti nne ili kilo ianze kwenye 48. Jumla ni baiti 56.

Kupima.c inaandika uzito kwenye baiti ya 24. Hesabu.c inausoma kwenye baiti ya 48. Kama kuna safu yenye mizigo kumi, kupima.c imetenga baiti 320, nayo hesabu.c inatembea hadi baiti ya 560, ikisoma kumbukumbu isiyo yake na pengine kuiandikia. Mafaili yote mawili yamekompailiwa bila onyo hata moja, ukiwa umewasha maonyo yote. Linka imeunganisha bila neno. Kwa mujibu wa kiwango cha C, programu hiyo haina maana inayojulikana: inaweza kuanguka, inaweza kuchapisha takataka, inaweza kufanya lolote.

Hapo angalau takataka itaonekana. Kuna hali mbaya zaidi, nazo nawaomba mziangalie kwa makini.

Ya kwanza: mtu anapunguza aina kutoka 20 hadi 18 katika nakala moja. Jina linaishia baiti ya 21, kompaila inaruka baiti mbili, na kilo inabaki pale pale kwenye 24. Jumla bado ni 32. Kila kitu kinafanya kazi, na kitaendelea kufanya kazi mpaka siku mtu mwingine aongeze kijisehemu kidogo katikati. Siku hiyo kitavunjika, na lawama zitamwendea yeye, ilhali chanzo ni kile kilichofanywa mwaka uliopita.

Ya pili: struct ina kilo na bei, zote mbili double. Nakala moja inaanza na kilo, nyingine inaanza na bei. Ukubwa ni ule ule, hakuna kinachovuka mpaka. Mvuvi ameleta kilo 12 kwa bei ya shilingi 350 kwa kilo. Upande wa pili unasoma kilo 350 kwa shilingi 12. Ukizizidisha unapata shilingi 4,200 zile zile! Jumla ya fedha ni sahihi, mhasibu ameridhika, na rekodi ya samaki waliovuliwa ni ya uongo mtupu. Mtu akiitumia rekodi hiyo kuamua ni samaki kiasi gani wanatolewa ziwani, ataamua kwa namba za uongo. Haya ni maisha ya watu, na ndiyo sababu nalichukulia jambo hili kwa uzito.

Kiwango cha C hakijakataza struct ileile kuandikwa katika vitengo viwili. Kwa kweli kinaruhusu, maana hakuna njia nyingine. Lakini masharti yake ni makali: lebo iwe ile ile, sehemu ziwe kwa mpangilio ule ule, majina yale yale, aina zinazopatana, na kama kuna sehemu za biti, upana uwe sawa. Masharti hayo yapo, na hakuna anayeyakagua. Baadhi ya kompaila zikipewa nafasi ya kuona programu nzima, kwa mfano GCC ukiijengea na -flto, hugundua baadhi ya tofauti. Itumieni. Msiitegemee.

Dawa inajulikana, na ni ya zamani: aina inayotumiwa na mafaili zaidi ya moja iandikwe mahali pamoja tu, ndani ya heda, na kila faili liingize heda hiyo. #include haina ufundi wowote. Inachukua maandishi ya faili lile na kuyamwaga hapa ulipoandika. Lakini kwa kuwa maandishi yanatoka chanzo kimoja, vitengo vyote vinapata mkebe mmoja.

Kinga ya heda, ile #ifndef MZIGO_H ikianza na #endif ikimaliza, wengi mnaijua, sitakawia. Inazuia heda kumwagwa mara mbili ndani ya kitengo kimoja, kwa maana kuifafanua struct mara mbili katika eneo moja ni kosa. Kiwango cha C23, kilichochapishwa 2024, kimelegeza hilo pale ambapo fafanuzi mbili zinafanana kabisa, lakini mashine nyingi mtakazokutana nazo kazini bado zina kompaila za zamani. Wekeni kinga. Na kumbukeni kwamba kinga inafanya kazi ndani ya kitengo kimoja. Haijui chochote kuhusu kitengo kingine.

Je, heda moja inatosha? Inatosha mara nyingi, si mara zote, na ningependa tukae hapa kidogo.

Umebadilisha mzigo.h. Umekompaili upya hesabu.c lakini kupima.o ni ya jana. Umerudi kule kule: vitengo viwili, fafanuzi mbili, jina moja. Tofauti ni kwamba sasa ukifungua msimbo hauoni kosa lolote, kwa kuwa kosa liko ndani ya faili la .o. Stuart Feldman aliandika make, programu ya kujenga upya mafaili yaliyopitwa na wakati, pale Bell Labs mwaka wa 1976 kwa ajili ya shida za namna hii, lakini make hufuata ulichoiambia. Kama Makefile yako, faili la maelekezo ya make, haisemi kwamba kupima.o inategemea mzigo.h, haitajua. Ipe kompaila ya GCC au Clang chaguo la -MMD, nayo itaandika utegemezi huo yenyewe kila inapokompaili. Mradi wowote ukiuanza leo, anza na hilo.

Halafu kuna heda inayobadilika kulingana na anayeisoma. Mtu anaweka ndani ya struct sehemu ya ziada iliyozungukwa na #ifdef ya majaribio. Faili moja likakompailiwa chaguo hilo likiwa limewashwa, jingine likiwa limezimwa. Heda ni moja, maandishi ni yale yale, fafanuzi ni mbili. Msiweke sharti ndani ya struct inayovuka faili, ila muwe na hakika kwamba mradi wote unajengwa kwa chaguo moja.

Msidhani hili ni la miradi midogo tu. Kwenye Linux ya biti 32, aina inayobeba wakati, time_t, ilikuwa ya biti 32, na itajaa tarehe 19 Januari 2038. Maktaba ya C ya Linux, glibc, toleo la 2.34, la mwaka 2021, ikaleta uwezo wa kuifanya biti 64 kwa kutumia makro, jina unaloliwasha wakati wa kukompaili. Angalieni maana yake: heda ile ile ya mfumo, makro ikiwa imewekwa, inatoa aina ya baiti 8; isipowekwa, baiti 4. Struct yoyote yenye time_t ndani inabadilika umbo. Programu moja ikijengwa kwa njia mpya na maktaba inayoitumia ikiwa ya njia ya zamani, zitapishana kimya kimya. Ndiyo maana watu wa Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, walipoamua mwaka wa 2024 kuhamisha mashine za ARM za biti 32, walilazimika kujenga upya vifurushi vingi mno kwa mpigo, na hata kubadilisha majina ya vifurushi vya maktaba ili la zamani na jipya visichanganyike. Lugha haikuwasaidia. Walibeba mzigo huo wenyewe, kwa nidhamu.

Kwa ukaguzi mdogo mnaweza kuandika hivi ndani ya heda, kama kompaila yenu inafuata C11 au kiwango cha baadaye:

_Static_assert(sizeof(struct mzigo) == 32, "ukubwa wa mzigo umebadilika");

Haitamkamata aliyebadilishana kilo na bei. Itamkamata aliyeongeza, na aliyejengea kwenye mashine isiyopanga baiti kama yako.

Nimesema kuhusu kuonyesha. Nataka muda uliobaki niutumie kwa kuficha, maana hapo ndipo C inaponipendeza zaidi.

Jiulizeni: hesabu.c inahitaji kweli kujua ndani ya mzigo mna nini? Au inahitaji tu kushika mzigo na kuupeleka kwa funksheni inayoujua? Kama ni hilo la pili, heda yenu iandike mstari huu tu:

struct mzigo;

Hiyo ni aina isiyokamilika. Kitengo kikiuona, kinajua kwamba kuna kitu kinaitwa struct mzigo, lakini hakijui ukubwa wala sehemu zake. Kinaweza kuwa na pointa, yaani anwani, ya kuelekea huko, kuipokea na kuipitisha. Hakiwezi kutangaza kigeu cha aina hiyo, hakiwezi kuuliza sizeof, hakiwezi kugusa kilo. Ufafanuzi kamili unabaki ndani ya kupima.c. Siku ukiongeza nafasi ya jina kutoka 20 hadi 40, kitengo kinachobadilika ni kimoja. Hesabu.c haijui na haihitaji kujua, kwa hiyo haiwezi kupitwa na wakati.

SQLite, maktaba ya hifadhidata, imejengwa hivyo, na SQLite iko ndani ya kila simu ya Android iliyo humu ukumbini. Heda yake ya hadhara inataja aina ya sqlite3 bila kuonyesha sehemu zake. Tangu toleo la 3 lilipotoka mwaka 2004, waandishi wake wameweza kubadilisha ya ndani watakavyo, na programu za watu zinaendelea kushika pointa ile ile. Mnaotumia FILE kufungua mafaili mmekuwa mkifanya vivyo hivyo tangu somo la kwanza: mnashika pointa, na hakuna aliyewahi kuwauliza ndani yake mna nini.

Mitego miwili kabla sijamaliza. Ukiandika kwenye heda funksheni inayopokea pointa ya struct mzigo, na struct hiyo haijatajwa popote juu yake, basi umeitangaza kwa mara ya kwanza ndani ya mabano ya funksheni, na eneo lake linakufa pale tamko linapoisha. Mstari unaofuata ukiitaja, ni aina nyingine kabisa. Wanafunzi hulia hapa: "Mwalimu, majina yanafanana, mbona inakataa?" Weka ule mstari mmoja, struct mzigo, juu kabisa, na yataisha. Wa pili: typedef ya struct isiyo na lebo. Ni fupi kuandika, na vitabu vingi vinaifundisha, lakini struct isiyo na lebo haiwezi kutajwa kabla ya kufafanuliwa, kwa hivyo huwezi kuificha. Zipeni struct zenu lebo hata kama mtaongeza typedef juu yake.

Baada ya chai tutafungua mashine. Mafaili ni yale mawili ya Dunga, yakiwa na nakala mbili zisizofanana kwa makusudi. Kwanza muendeshe gcc -E juu ya kila moja, mkione kitengo kizima jinsi kompaila inavyokiona, heda zote zikiwa zimemwagwa ndani. Kisha hamisheni ufafanuzi kwenye mzigo.h, mhakikishe namba zimenyooka. Mwisho futeni mwili wa struct kwenye heda, mbakize jina tu, mrudishe mwili ndani ya kupima.c, mkompaili hesabu.c. Itakataa mistari kadhaa. Msiirekebishe kwa kurudisha struct. Kila mstari uliokataa unawaambia funksheni gani inakosekana kwenye heda. Anzeni na ule unaosoma kilo.